Jua Tumepewa Bure: Vitamini D, Stara na Watoto Wetu wa Arua na Koboko



Ndugu wazazi na walezi, mama zetu, dada zetu, na walimu wenzetu wa madrasa za Arua na Koboko. Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi hulisikia kliniki au hulisoma kwenye kopo la maziwa, kisha likapita bila kujadiliwa nyumbani. Nalo ni vitamini D, ambayo bila yake mifupa ya mtoto haiwezi kuwa migumu hata akila akashiba.

Kuna kauli mbili zinazozunguka kati yetu. Ya kwanza husema: "Sisi tunaishi chini ya jua la West Nile, vitamini D itatupungukia vipi?" Ya pili husemwa zaidi na watu wa nje, nayo hudai kwamba hijabu ndiyo inayowadhoofisha mifupa wanawake wa Kiislamu. Kauli zote mbili zina kasoro. Rai yetu ni kwamba jua tunalo la kutosha, na stara haina kosa. Kinachopungua ni vitu viwili: mahali pa stara ambapo mama na binti wanaweza kupata jua, na saa maalumu ya kutoka nje katika ratiba za nyumba na madrasa zetu. Vitu hivyo haviletwi na serikali wala wafadhili. Ni kazi yetu wenyewe.

Vitamini D ni nini hasa?

Ni kirutubisho kinachouwezesha utumbo kunyonya kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye mifupa na meno. Ajabu yake ni kwamba sehemu kubwa haiingii kwa kinywa. Ngozi ikipigwa na miale ya jua iitwayo urujuanimno, hutengeneza vitamini hiyo yenyewe, kisha ini na figo huikamilisha ili mwili uweze kuitumia.

Watu wa Ulaya walilijua jambo hili kwa uchungu. Viwanda vilipojaza moshi angani na watoto wakafungiwa kwenye vichochoro vya miji, maelfu walipinda miguu. Mwaka 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia ugonjwa huo. Mwaka huo huo Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto kwa mwanga wa taa maalumu. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani na wenzake walikitambua kirutubisho chenyewe, na kwa kuwa vitamini A, B na C zilishapewa majina, hii ikaitwa D.

Je, upungufu upo katika nchi za jua?

Ndiyo, upo, ingawa si kwa kila mtu. Tuanze na habari njema. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili, nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, na madaktari wengi huhesabu upungufu kuanzia chini ya 50. Kwa hiyo mtoto wa Koboko anayechunga mbuzi, anayeteka maji na kutembea kwa miguu kwenda shule, kwa kawaida hana tatizo.

Lakini mwaka 2020 jarida la The Lancet Global Health lilitoa uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 23 za Afrika, na ndani yake karibu mtu 1 kati ya 3 alikuwa chini ya 50. Angalieni ni nani waliokuwa chini zaidi: wanawake kuliko wanaume, watu wa mijini kuliko wa vijijini, na watoto wachanga kuliko mama zao. Hao ndio wanaokaa ndani.

Jirani zetu wa Kenya wameliona kwa macho. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha taarifa ya watoto wenye ugonjwa wa mifupa laini katika mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na wengi wao hawakuwa wakipata jua la kutosha. Nairobi iko karibu na ikweta kama sisi, lakini mtoto anayelelewa kwenye chumba kimoja kilichobanwa na vyumba vingine halioni jua hilo. Na katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali kuliko letu, madaktari wamekuta upungufu kwa wanawake wengi, kwa sababu maisha ni ya ndani ya nyumba, ndani ya gari na ndani ya duka.

Sasa tutazame kwetu. Arua ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2020, na familia nyingi zinahamia nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja wa pamoja na majirani wasio maharimu. Mama anaona haya kukaa nje, basi mlango unafungwa. Mtoto wa miaka miwili naye hubaki ndani kwa hofu ya boda boda. Binti akibaleghe, michezo ya nje humwishia siku hiyo hiyo. Na kijana wa bweni anayehifadhi Qur'ani huanza baada ya Alfajiri na kuendelea hadi Adhuhuri akiwa chini ya mabati. Hawa wote wanaishi chini ya jua la West Nile, lakini jua haliwafikii.

Hasara yake

Kwa mtoto, mifupa hubaki laini na kupinda. Dalili ni hizi: kuchelewa kuota meno, kuchelewa kutembea hata baada ya mwaka mmoja na nusu, vifundo vya mikono kuvimba, vinundu mbavuni, na miguu kupinda kwa nje au magoti kugongana. Matege madogo kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili mara nyingi ni ya kawaida na huondoka yenyewe. Yakizidi, au yakibaki baada ya umri huo, mpelekeni hospitali. Kwa mtoto mchanga, kalsiamu ikishuka sana huweza kuleta hata degedege. Kwetu degedege kwa kawaida ni malaria, nayo inaua haraka. Kwa hiyo degedege lolote ni la kukimbiza hospitali, si la kuliwekea hirizi.

Kwa watu wazima mifupa huuma, hasa mgongo, nyonga na mapaja, na misuli hulegea kiasi kwamba mtu hupata taabu kuinuka kutoka chini. Wazee huanguka na kuvunjika.

Na kwa binti zetu kuna hatari inayojificha miaka mingi. Nyonga iliyopinda utotoni huweza kubana njia ya uzazi, na binti huyo akija kuwa mama, mtoto hukwama. Kila familia hapa inajua maana ya uchungu wa siku mbili ukiwa mbali na chumba cha upasuaji. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la anasa wala la watu wa mjini peke yao.

Kipimo cha kivuli

Watoto wetu madrasa hujifunza nyakati za Swala kwa kivuli, na elimu hiyo hiyo inatufaa hapa. Miale inayotengeneza vitamini D hutufika vizuri jua likiwa juu. Kanuni nyepesi ni hii: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini ya kutosha. Kikiwa kirefu kuliko wewe, inatengeneza kidogo sana.

Wengi wameambiwa kwamba jua la saa 1 asubuhi ndilo bora kwa mtoto. Ni zuri kwa kumpasha joto, lakini vitamini D yake ni kidogo mno. Tena kumbukeni kuwa Arua na Koboko ziko upande wa magharibi kabisa wa nchi zinazotumia saa za Afrika Mashariki. Ndiyo maana Adhuhuri yetu huingia nyuma ya ile ya Mombasa, kwa kuwa jua hufika utosini kwetu karibu saa 7 mchana. Kwa kukadiria, kivuli huwa kifupi kuliko mtu kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, na muda huo hupungua kidogo kuelekea Desemba na Juni. Alasiri ikiingia, wakati wa vitamini D umekwisha. Mtoto anayecheza nje jioni tu, baada ya madrasa, amepata mazoezi lakini jua lake limempita.

Muda wa kukaa nje haulingani kwa watu wote. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe, kwa sababu weusi wake ni kinga. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, tunaona nusu saa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu, mikono na miguu ikiwa wazi, siku nyingi za wiki, ni mwanzo mzuri. Hakuna haja ya kuungua, na hakuna haja ya kusimama kwenye jua la saa 8 la Januari mpaka kichwa kiume. Kioo cha dirisha huzuia miale hiyo, kwa hiyo kukaa dirishani hakutoshi. Nguo nayo huzuia, na ndipo tunapofika kwenye suala la stara.

Stara na jua

Sharia imemwamuru mwanamke kujistiri mbele ya wanaume wasio maharimu. Haikumwamuru kujistiri mbele ya mumewe, watoto wake, baba yake na kaka zake kwa namna ile ile, wala mbele ya wanawake wenzake. Kwa hiyo mwanamke mwenye ua anaweza kupata jua lake kamili bila kuvua chochote cha dini yake. Bibi zetu wa Kinubi walisuka mikeka na tabaga uani, wakaanika unga uani, wakalea watoto uani. Tulipopunguza ua, tulipunguza jua.

Ua si lazima uwe wa matofali. Matete, nyasi au mabati makuukuu hutosha. Kwa kuwa jua letu hupanda juu sana, uzio unaozidi urefu wa mtu bado huacha jua katikati ya uwanja kuanzia saa 4. Kwa waliopanga, wanawake wa uwanja mmoja wanaweza kukubaliana saa moja ya asubuhi ambayo wanaume wako kazini, uwanja ukawa wao.

Kuhusu arubaini, mila ya mama kupumzika ndani siku 40 ina rehema yake na hatuipingi. Tunachoomba ni mama atolewe barazani au uani kila siku. Mtoto mchanga naye atolewe pamoja naye asubuhi, dakika chache tu, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa na macho yakiwa kivulini, na arudishwe ndani kabla ngozi haijapata moto. Kufungwa blanketi tatu mchana wa Arua hakumfaidishi.

Mabinti wengine hukimbia jua kwa hofu ya kuwa weusi, na wengine hupaka mkorogo. Baba na mama, semeni nao kwa upole. Weusi si ugonjwa, na mkorogo unaharibu ngozi.

Chakula chetu

Chakula pekee hakitoshi kirahisi, lakini husaidia. Mahitaji ya siku yanayotumiwa na wataalamu wengi ni yuniti 400 kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, 600 kwa mkubwa, na 800 kwa aliyepita miaka 70. Kiini cha yai moja kina yuniti zipatazo 40, kwa hiyo yai ni jema ila haliwezi kazi hiyo peke yake. Samaki wenye mafuta na mafuta ya ini la samaki ndivyo vyenye nyingi zaidi. Uyoga ulioanikwa juani nao hupata vitamini D, basi uyoga wa msimu wa mvua uanikwe juani badala ya jikoni juu ya moshi.

Hata hivyo jua bila kalsiamu halijengi mfupa. Mwaka 1999 utafiti kutoka Nigeria ulionyesha kwamba watoto wengi wenye mifupa laini huko walikuwa wakipata jua, ila chakula chao cha nafaka kilikosa kalsiamu. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Sisi tunaokula enyasa ya muhogo au posho mara mbili kwa siku tuzingatie hapo. Kalsiamu iko kwenye maziwa, majani ya kunde, simsim isiyokobolewa, na samaki wadogo wakavu wanaoliwa na mifupa yao, kama muziri wa Ziwa Albert na mukene. Fungu dogo la samaki hao likisagwa na kuchanganywa kwenye uji au mchuzi wa mtoto hugharimu kidogo kuliko soda tunayomnunulia.

Matone na vidonge

Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto, lakini vitamini D yake ni chache. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2008 wanashauri matone ya yuniti 400 kila siku kwa mtoto anayenyonya. Kwetu, mtoto asiyeweza kupata jua, au aliyezaliwa kabla ya wakati, mama amwulize mhudumu wa afya kuhusu matone hayo. Vile vile waulize wanaotumia dawa za kifafa, za kifua kikuu, au wenye maradhi ya figo na ini, kwa sababu hali hizo huweza kupunguza vitamini D mwilini.

Kuhusu uhalali, ganda la kidonge laini mara nyingi hutengenezwa kwa gelatini, na gelatini huweza kutoka kwa nguruwe. Someni kibandiko, au chagueni matone na vidonge vikavu. Vitamini yenyewe kwa kawaida hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, ini la samaki, au hamira. Ramadhani, kidonge kinywewe futari au daku.

Jihadharini na mambo mawili. Jua haliwezi kukuzidishia vitamini D, lakini vidonge huweza, na vikizidi hudhuru figo. Mtu mzima asivuke yuniti 4,000 kwa siku bila daktari. Pili, msiwaamini wauzaji wa vipaza sauti sokoni wanaodai vitamini D hutibu kila ugonjwa. Mwaka 2018 huko Marekani utafiti wa watu zaidi ya 25,000 ulikuta kuwa vidonge hivyo havikuzuia saratani wala maradhi ya moyo.

Na ndugu zetu wenye ualbino wasiambiwe waende juani. Kwao jua ni hatari ya saratani ya ngozi. Njia yao ni chakula na matone, pamoja na kofia na mikono mirefu.

Tunachopendekeza

1. Kila madrasa ya siku nzima na kila bweni la kuhifadhi liwe na mapumziko ya nusu saa nje, kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi. Wapo watakaosema muda wa Qur'ani unapotea. Sisi tunaona mtoto aliyenyoosha viungo hurudi akiwa macho, na darsa linasonga.

2. Kamati za misikiti zinapojenga, ziweke uwanja wa wazi wenye uzio kwa wanawake. Mara nyingi tunachangishana kwa ajili ya paa na vigae, na mama zetu hawapati hata hatua kumi za kutembea kwenye jua.

3. Palipo na uwanja wa madrasa uliozungushiwa, wapewe akina mama na mabinti saa moja siku ambazo hakuna masomo. Haigharimu chochote isipokuwa ufunguo.

4. Akina baba, jengeni uzio wa nyumbani kabla ya kununua televisheni. Mke asipotoka ndani, jueni kwanza kama mmempa mahali pa kutoka.

5. Mtoto mwenye dalili tulizotaja apelekwe hospitali ya Arua, Koboko au kituo cha afya kilicho karibu mapema, kwa sababu mifupa ya mtoto mdogo ikitibiwa huweza kunyooka, na ya mkubwa hubaki ilivyo.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ameliapia jua katika Qur'ani, na sura nzima ikapewa jina lake. Neema kubwa kiasi hicho haifai imfikie mbuzi aliyefungwa nje ikamkose mtoto aliyeko ndani. Kesho saa 4 asubuhi, fungueni mlango.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu afya, na mama zetu uzazi wa salama. Amin. Wabillahi tawfiq.